Mshipa umefunguka, sasa uangalie ubongo

Anayeambiwa kwamba mshipa mkubwa wa shingo umebanwa huuliza kwanza kama unaweza kufunguliwa. Unaweza. Kwa mikono iliyozoea, stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma, huingia na mshipa hufunguka karibu kila mara, na picha ya baadaye hupendeza hata kwa asiyejua kuisoma: palipokuwa na uzi mwembamba wa damu sasa pana njia pana. Ndipo simu zinapopigwa nyumbani na kundi la WhatsApp la familia linapojaa alhamdulillahi. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Lakini stenti ya shingoni huwekwa kwa ajili ya ubongo, shingo ni njia tu, na ubongo huanza kutoa majibu yake wakati ndugu wameshaanza kutafuta tiketi za kurudi.

Mgonjwa wetu ni baba mkubwa, mzee wa Tanga mwenye miaka sabini na kitu, fundi cherehani ambaye wanawe walishamwambia apumzike na yeye akakataa. Siku moja akiwa anapinda kanzu, mkono wa kushoto ulilegea, kitambaa kikamponyoka. Haikufika nusu saa mkono ukarudi, akaendelea na kazi. Mama mkubwa ndiye aliyekumbuka kwamba wiki kadhaa nyuma mzee alilalamika jicho la kulia limeshukiwa na pazia jeusi kwa dakika chache, naye akalisingizia mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho haji na kuondoka. Mambo hayo mawili, jicho la kulia na mkono wa kushoto, yakiletwa kwa daktari pamoja yanaelekeza mahali pamoja: karotidi ya kulia, yaani mshipa mkubwa wa shingo unaopeleka damu ubongoni. Jicho hulishwa na mshipa wa upande wake, lakini nusu ya kulia ya ubongo ndiyo inayoendesha mkono wa kushoto. Vipande vidogo vya damu iliyoganda au mafuta vinabanduka shingoni, vingine vinapita njia ya jicho, vingine vinapanda ubongoni, vinaziba kwa muda, kisha vinayeyuka. Watu huita kiharusi kidogo. Jina hilo linadanganya, kwa sababu siku chache zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote ya kupata kile kikubwa.

Kipimo cha altrasaundi ya shingo kilichofanywa Dar es Salaam kilionyesha upande wa kulia umebanwa kwa asilimia 90 na wa kushoto kwa asilimia 60.

Nikae kidogo hapa kabla sijasafiri naye. Kwetu viharusi vingi mzizi wake ni presha ya muda mrefu: mishipa midogo ya ndani kabisa ya ubongo inachakaa, mingine inapasuka. Stenti ya shingoni haina kazi yoyote kwa viharusi vya namna hiyo. Nasema hivi kwa sababu tangu habari za mzee zienee nimepigiwa simu na watu ambao ndugu zao wamepooza, wanauliza hiyo sindano ya kuzibua mshipa ni shilingi ngapi. Kwanza ijulikane kama mshipa wa shingo ndio mkosaji. Baba mkubwa alikuwa na sababu yake ya ziada: miaka mingi nyuma alipigwa mionzi ya shingo kwa ajili ya uvimbe wa koo, akapona, na mionzi hiyo hiyo hujulikana kubana mishipa ya karotidi baada ya miaka kupita.

Mionzi ndiyo iliyoamua pia njia ya matibabu. Njia ya zamani, ambayo bado ndiyo ya kwanza kwa wagonjwa wengi, ni kupasua shingo, kufungua mshipa na kuukwangua utando wa mafuta. Daktari wa upasuaji Michael DeBakey aliifanya Houston, Marekani, mwaka 1953 kwa dereva wa basi aliyeishi miaka 19 baadaye. Mwaka uliofuata, katika hospitali ya St Mary's jijini London, madaktari walimfanyia operesheni ya mshipa huo mama mmoja ambaye alikuwa ameshapata vishindo 33 vya kiharusi kidogo. Watu walibishana kwa miongo kadhaa kama inasaidia kweli, mpaka utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini wa 1991, unaojulikana kama NASCET, ulipoonyesha kwamba kwa wenye dalili na mshipa uliobanwa asilimia 70 au zaidi, waliotibiwa kwa dawa peke yake asilimia 26 walipata kiharusi cha upande huo ndani ya miaka miwili. Waliopasuliwa ni asilimia 9. Stenti ilikuja baadaye. Daktari Mjerumani Klaus Mathias alianza kupanua karotidi kwa puto mwishoni mwa miaka ya 1970, na vifaa vya chuma vya kuushikilia mshipa usirudi kujifunga vikafuata.

Sasa shingo iliyopigwa mionzi ni ngumu, tishu zake zimeshikana, na jeraha lake hupona kwa shida. Kwa mtu wa hivyo madaktari wengi huegemea stenti. Hiyo ni sababu halali. Ile ambayo nimeisikia kwenye familia nyingi sasa, kwamba "mzee hawezi kisu, tumwekee stenti," si sahihi hata kidogo, na hapa ndipo nilipojifunza jambo lililonishangaza kuliko yote. Umri mkubwa ndio unaoifanya stenti iwe na hatari zaidi kwa ubongo. Mpira mwembamba wa kupitishia stenti huingizwa kinenani, unapandishwa kwenye mshipa mkuu hadi upinde ulio juu ya moyo, na kutoka hapo unageuzwa kuingia shingoni. Kwa mtu wa miaka hamsini upinde huo ni laini na kona zake ni nyepesi. Kwa mzee umejikunja, umepakwa chokaa na mafuta, na kila mpira unapogusa ukuta unaweza kubandua kipande. Kipande hicho kinaweza kusombwa na damu hadi ubongoni, hata ule upande ambao haukuwa na tatizo.

Utafiti wa CREST uliochapishwa 2010, wenye wagonjwa 2,502 wa Marekani na Kanada, uliliona hilo waziwazi. Kwa jumla njia mbili zilikaribiana. Lakini katika kipindi cha operesheni waliowekewa stenti walipata viharusi zaidi, asilimia 4.1 dhidi ya 2.3, na waliopasuliwa walipata mshtuko wa moyo zaidi, asilimia 2.3 dhidi ya 1.1. Mpaka wa umri ulikuwa karibu miaka 70: chini yake stenti ilijitetea vizuri, juu yake kisu kilikuwa salama zaidi. Wapo wanaosema basi ni sawa tu, kiharusi kidogo badala ya mshtuko mdogo wa moyo. Mimi sikubaliani, na wagonjwa wa utafiti huo wenyewe walipoulizwa maisha yao mwaka mmoja baadaye, waliopata kiharusi ndio walioonekana kuumia zaidi. Moyo uliotikisika ukatibiwa huenda usiukumbuke kila asubuhi. Mkono usiofunga kifungo cha shati unaukumbuka.

Kijana wake mzee anayefanya kazi Muscat ndiye aliyelipa gharama, na ndiye aliyechagua India. Mimi nilitumwa kuwa muuguzaji kwa kuwa kazi yangu inafanyika kwenye kompyuta popote, na kwa kuwa Kiingereza cha mama mkubwa ni cha salamu. Yeye alikuja pia. Hakuna aliyethubutu kumwambia abaki.

Daktari bingwa alitueleza kazi yake kwa kuchora kwenye karatasi. Kabla ya kupanua, hutangulizwa kichujio chembamba kinachofunguka juu ya pale palipobanwa, kikisubiri vitakavyobanduka puto likijazwa. Mwisho kinafungwa na kutolewa na uchafu wake. Ipo pia njia ya kuingia moja kwa moja shingoni kwa tundu dogo juu ya mtulinga na kuigeuza damu irudi nyuma kwa muda, ili makombo yasipande, lakini kwa shingo ya mzee hawakuitaka. Nilimuuliza kama kichujio kinakamata vyote. Akasema hapana, bila kuzunguka. Vya ukubwa wa chembe hupita, na vingine hutoka kwenye upinde hata kabla kichujio hakijafika.

Jinsi vinavyopita ilionekana kwenye utafiti mwingine wa mwaka huo huo wa 2010, ICSS, ambamo kundi la wagonjwa lilipigwa MRI, picha ya kina ya ubongo, kabla na baada. Nusu ya waliowekewa stenti walikuwa na madoa mapya kwenye ubongo, dhidi ya asilimia 17 ya waliopasuliwa. Wengi wao hawakuhisi chochote. Doa la namna hiyo ni sehemu ndogo iliyokosa damu ikafa, na likiangukia mahali penye kazi ndogo mtu anaamka, anaomba chai, anataja majina ya wajukuu. Nani atasema ana kiharusi? Kama madoa hayo yanamwibia mtu kumbukumbu polepole ni jambo ambalo wataalamu bado wanalivutana. Picha ya baba mkubwa siku ya pili ilikuwa na madoa meupe matatu, mawili kulia na moja kushoto, upande ambao hakuna aliyeugusa. Mzee alikuwa amekaa kitandani anauliza wali wa India mbona haunukii nazi.

Wakati wa operesheni yenyewe kulitokea jambo ambalo walishatuonya. Pale karotidi inapogawanyika pana uvimbe mdogo wa kawaida wenye neva zinazopima presha. Puto likijazwa hapo, neva hizo zinasukumwa zikadhani presha imepanda mno, zinauamuru moyo upunguze mwendo. Mapigo ya mzee yalishuka hadi kwenye thelathini na kitu, akatokwa jasho, wakampa atropini, dawa ya kuharakisha moyo, na akarudi. Lakini stenti yenyewe hubaki ikisukuma ukuta ule ule, kwa saa nyingi na wakati mwingine siku, kwa hiyo presha hubaki chini. Ya kwake ilikuwa 95 kwa 60 usiku ule. Wakasimamisha dawa zake zote za presha, na walikuwa sahihi: presha ikishuka sana ubongo hukosa damu, hasa kwa mtu ambaye mshipa wa pili nao umebanwa.

Hapo ndipo kazi ilipogeuka. Dawa zilisimamishwa kwa sababu nzuri, mzee akatolewa chumba cha uangalizi maalumu akahamishiwa wodini, na zile neva za shingoni zikaanza kuizoea stenti. Presha ikapanda. Haikupanda kwa kishindo. Jioni 138, usiku 150, alfajiri 168. Kwa mtu wa Tanga aliyeishi na 170 kwa miaka, namba hiyo haishtui mtu. Hata sista wa zamu aliiandika akapita.

Akaamka na kichwa kinauma upande wa kulia, nyuma ya jicho. Mama mkubwa alimwangalia kidogo tu. "Huyu haumwi kichwa," aliniambia. "Miaka arobaini sijamsikia akisema kichwa. Kaite watu."

Ninavyoelewa sasa, maelezo yake ni haya. Mshipa ukiwa umebanwa kwa muda mrefu, mishipa midogo ya ubongo ya upande ule hujitanua kabisa ili ivute kila tone linalopatikana, na inakaa hivyo wazi miezi na miaka mpaka inasahau kujifunga. Kwa mtu mzima mwenye afya, presha ikipanda mishipa hiyo hujibana na kuzuia mafuriko. Hii haiwezi tena. Ni shamba la mchicha lililozoea kumwagiliwa kwa kopo, halafu mtu amefungua mfereji mzima usiku. Damu inaingia kwa wingi kuliko ubongo unavyohitaji, pengine zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa kabla, maji yanavuja kutoka kwenye mishipa, ubongo unavimba, na hatua ya mwisho mshipa unapasuka. Daktari Thoralf Sundt na wenzake wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, waliieleza hali hii mwaka 1981 kwa watu waliopasuliwa: kichwa kuuma upande wa mshipa uliofunguliwa, kutetemeka kwa kifafa, na udhaifu wa upande wa pili wa mwili. Kwa stenti huwa inakuja mapema zaidi kuliko kwa kisu, mara nyingi katika siku ya kwanza au chache zinazofuata, ingawa wapo wanaoipata wakiwa wameshafika nyumbani.

Haiwapati wengi. Tafiti hutofautiana, lakini hukaa kwenye mtu mmoja hivi kwa kila mia. Ila walio hatarini wanajulikana kabla: mshipa uliobanwa karibu na kufungwa kabisa, upande wa pili nao mbaya, kiharusi cha karibuni, presha isiyoshikika. Mzee alikuwa na karibu zote. Na ikifikia kuvuja damu ndani ya ubongo, wengi hufa au hubaki na ulemavu mkubwa, wakiwa bado wanatumia dawa za kuzuia damu kuganda ambazo stenti inazihitaji. Ndiyo maana kichwa kile ni cha kukimbilia kikiwa bado kichwa tu.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, nadhani hakufika miaka thelathini. Alisikiliza sentensi moja, akapima presha mwenyewe mikono yote miwili, akasema kipimo cha CT, picha ya ndani ya kichwa, sasa hivi, na wakati kitanda kinasukumwa akawa ameshaanza labetalol, dawa ya kushusha presha, ya kwenye mshipa. Nilimsikia akikataza dawa nyingine ambayo sista aliitaja, akieleza kwamba hiyo hushusha presha kwa kutanua mishipa, na mishipa ya ubongo huu imeshatanuka vya kutosha. Lengo lake lilikuwa namba ya juu ishuke chini ya 140 haraka, kisha karibu na 120. Kabla hatujafika kwenye mashine, kona ya kushoto ya mdomo wa mzee ilianza kucheza, kisha kidole gumba cha mkono wa kushoto, kisha mkono mzima. Kifafa. Kilidumu dakika chache, kikatulizwa kwa sindano.

CT ilionyesha ubongo wa kulia umevimba, mikunjo yake imebanana, na hakuna damu. Daktari alilirudia hilo mara mbili ili tuelewe kwamba ni habari njema. Waliangalia pia kwa altrasaundi kwamba stenti haijaziba, kwa kuwa stenti ikiganda ghafla dalili zinaweza kufanana na tiba yake ni kinyume kabisa: pale unataka damu ipande. Mtu akikwambia anajua kilichompata mgonjwa wa stenti kwa kumtazama tu, mwambie asubiri picha. Kuna hata dawa ya rangi inayotumika kuonyesha mishipa, ambayo kwa nadra huuvuruga ubongo kwa siku chache, mtu akachanganyikiwa au asione, kisha akarudi.

Kilichobaki baada ya kifafa kilikuwa kitu cha ajabu ambacho sikuwahi kukisikia. Mkono wa kushoto ulikuwa na nguvu karibu zote. Daktari akisema inua, mzee anainua. Lakini aliusahau. Alivaa mkono mmoja wa shati, wa kulia, akaona amemaliza. Alikula wali wa nusu ya kulia ya sahani, akasukuma, akalalamika kwamba wamempunja. Mama mkubwa aliizungusha sahani, na ule wali mwingine ukatokea. "Kumbe upo!" Tulicheka wote, yeye kuliko sisi, kisha mama mkubwa akatoka nje kwa muda. Nusu ya kulia ya ubongo ndiyo inayogawa umakini kwa upande wa kushoto wa dunia. Ikivimba, upande huo haupotei machoni, unapotea kwenye kujali. Mtaalamu wa mazoezi alikuja na njia zake: kiti cha mgeni kiwekwe kushoto, simu ilie kushoto, mkanda mwekundu ubandikwe pembeni ya ukurasa ili jicho liutafute kabla ya kuanza kusoma. Mama mkubwa akaongeza yake, akawa anamsalimia kutoka kushoto tu na hajibu akiitwa mpaka mzee ageuke.

Uvimbe huo, kwa kuwa haukuvuja damu, huisha. Kwake ulichukua wiki. Kurudi Tanzania kulisogezwa mbele mpaka presha ikatulia kwa vidonge na kifafa kikakaa kimya.

Nyumbani kuna hatari za namna yake, nazo hazina mashine. Stenti mpya ni chuma kitupu ndani ya damu mpaka mwili uifunike kwa utando wake, kwa hiyo mgonjwa hutumia dawa mbili za kuzuia damu kuganda, asprini na klopidogreli, pamoja, kwa kawaida angalau wiki nne, kisha moja yao inaendelea maisha yote. Baba mkubwa aliumwa jino hata mwezi haujaisha. Kwenye kliniki ya meno wakamwambia aache dawa zote za kulainisha damu kwa wiki nzima, ndipo arudi kung'olewa. Walisema hivyo kwa nia njema, kuogopa damu isiyokata. Ufizi ukitoka damu unabanwa kwa pamba. Stenti ikiganda wiki ya tatu, ubongo hauna pamba. Jino lilisubiri, kwa antibiotiki na manung'uniko mengi. Tangu hapo karatasi ya hospitali imetiwa plastiki na inakaa kwenye mfuko wa kanzu yake, ikiwa na jina la stenti, tarehe, upande, na mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: asiachishwe dawa bila kumuuliza daktari wake wa moyo na mishipa.

Presha inapimwa asubuhi na jioni. Daftari ni la mama mkubwa, na nambari zikipanda anajua kabla ya mtu yeyote ni nani aliyempa mzee embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Wanaonipigia simu sasa wakiwa wanajiandaa kusafiri na mgonjwa huwa nawaambia waulize mambo ambayo sisi tuliyajua katikati ya korido: presha isizidi ngapi katika wiki ya kwanza, nani wa kupigiwa usiku ikizidi, dawa za presha zilizosimamishwa zinarudishwa lini na nani anaamua. Na kama wanatoka hospitali kwenda hotelini kungojea ndege, wawe na mashine ya presha mkononi. Zinauzwa kwenye maduka ya dawa. Wengi husikiliza, kisha huuliza tena bei ya stenti.

Limebaki suala la kushoto. Ule mshipa wa asilimia 60 bado uko pale pale, haujawahi kutoa dalili yoyote, na ukoo umegawanyika. Kijana wa Muscat anataka ushughulikiwe kabla haujafika asilimia 90. Amenitumia habari za CREST-2, utafiti uliotoka mwishoni mwa 2025 kuhusu watu wasio na dalili. Humo stenti pamoja na dawa iliwashinda wanaotumia dawa peke yake, asilimia 2.8 ya matukio kwa miaka minne dhidi ya 6.0, na kisu hakikuonyesha tofauti ya uhakika. Nimesoma. Lakini wale walikuwa na mshipa uliobanwa asilimia 70 au zaidi, na stenti zao ziliwekwa na madaktari waliochujwa kwa ustadi. Na hata waliokaa na dawa tu, asilimia 94 walimaliza miaka minne bila tukio hilo. Huyu wetu ana asilimia 60, upinde wenye chokaa, na ubongo uliovimba mara moja. Daktari wake wa Dar es Salaam anasema dawa ya kolesteroli, presha, asprini, na altrasaundi kila mwaka. Mimi niko upande wake.

Mzee mwenyewe aliulizwa mbele ya wote, siku ya dua nyumbani kwake. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, mkono wa kushoto umeishika sindano sawasawa. Akasema huo wa kulia alikubali kwa sababu ulimwangushia kitambaa. "Huu wa kushoto haujanikosea kitu. Nauendea kwa ugomvi gani?" Kijana wa Muscat akakata simu, na kesho yake akapiga tena.